Ruta Mpya na Ukuta Usiotobolewa

Kosa nitakalolisimulia hapa ni dharau, na aliyelitenda ni mimi. Nalitaja mwanzoni kwa sababu nawajua nyinyi vijana mnaoingia katika kazi ya kufunga mitandao: mnasoma maneno ya waliowatangulia mkitafuta mbinu, na mkifika penye maadili mnaruka. Humu hamtaweza kuruka. Mbinu na maadili vimepita katika waya mmoja.

Niliacha kazi hii kabla ya umri ambao watumishi wa serikali hustaafu. Ubongo haukuchoka, magoti ndiyo yaliyochoka. Fundi wa mitandao hupanda ngazi za maghorofa ya Kariakoo akiwa na mkoba begani, na akifika juu hupiga magoti chini ya meza za watu, penye vumbi, maganda ya karanga na viatu vilivyovuliwa na makarani. Miaka ishirini ya kazi hiyo inatosha. Sasa nasoma vitabu, nanywa kahawa bila sukari, na nina muda wa kutosha wa kuwakemea watu kwa utaratibu.

Nilijifunza kazi kwa Fundi Aminieli, Mchagga wa Marangu, mtu mwembamba aliyevaa shati lenye kalamu tatu mfukoni hata siku za Jumapili. Kwake nilijifunza kuvisha waya kichwa. Ndani ya kebo mna nyuzi nane za rangi, na kila uzi una zamu yake. Unazinyoosha, unazipanga, unazikata ziwe sawa, kisha unazitazama tena kabla ya kuzibana. Niliponyanyua koleo kabla ya kutazama mara ya pili, alinipiga kofi la kisogoni, jepesi, la kunikumbusha. "Koleo halirudishi," alisema. Hadi leo sijui ni waya ngapi nilizitupa kwa sababu ya uzi wa kijani uliokaa mahali pa uzi wa bluu.

Lakini alikuwa na tabia moja niliyoiona kuwa uvivu. Akiingia ofisi ya watu hafungui mkoba. Huketi robo saa nzima akipiga soga na karani, mlinzi, na yeyote aliyekuwapo: nani huwasha, nani huzima, nini hugoma siku za mvua. Mimi nilisimama mlangoni nikitazama saa. Nilipoanza kujitegemea, jambo la kwanza nililoliondoa katika mafunzo yake ni ile robo saa.

Miaka niliyoanza kujitegemea, soko huria lilikuwa limeshazoea kuishi nasi. Vitu vilivyokuwa vikipatikana kwa kibali na kujuana, sasa vilirundikwa kwenye meza za Kariakoo kando ya sufuria na viatu. Vikasha vya mtandao vilikuja kutoka Dubai vikiwa na maelezo ya Kichina na picha ya mwanamke anayecheka. Kila mwenye duka la jumla alitaka kompyuta, na kila mwenye kompyuta alitaka ziongee. Sisi mafundi tuliojua kuziunganisha tulitembea mitaani kama madaktari bingwa, na mimi nilitembea polepole kuliko wote ili nionekane vizuri.

Mmoja wa wateja wangu alikuwa Mzee Jayanti, Mhindu aliyezaliwa mjini hapa hapa, muuzaji wa jumla wa vifungo, zipu na nyuzi za kushonea. Duka lilikuwa chini, ofisi ghorofa ya kwanza. Ofisini mlikuwa na kompyuta tano na printa moja, vyote vikiunganishwa kwa waya, na ruta moja ya zamani iliyowaletea intaneti. Mtandao ule ulifungwa na fundi mwingine kabla yangu. Mimi niliurithi, na kwa miaka mitatu niliutunza bila kuuliza chochote juu ya ulivyotunzwa.

Kila asubuhi wa kwanza kufika pale alikuwa Mama Chai, mwanamke wa Kizaramo aliyekaa Buguruni. Alifungua mlango, alifagia, aliwasha vyombo, kisha alichemsha chai ya tangawizi. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Anayeijua nchi hii anajua kwamba Mnyamwezi na Mzaramo ni watani: wana ruhusa ya kutaniana hata msibani, na hakuna anayeruhusiwa kununa.

"Karibu, mpagazi," alinipokea. "Babu yako alibeba meno ya tembo kutoka bara hadi pwani kwa miguu, mjukuu unabeba vikasha vya plastiki na bado unahema ngazini."

"Na nyinyi Wazaramo mlikuwa mnafanya nini wakati babu anahema?"

"Tunamtazama. Si ndivyo wageni wanavyopokewa? Kunywa chai."

Basi, mwaka mmoja Diwali ilikaribia. Kabla ya sikukuu hiyo wafanyabiashara wa Kihindu husafisha na kupaka rangi kila kitu. Mzee Jayanti alipaka ofisi yote rangi ya krimu, kisha akatoa amri: hakuna msumari wala tundu jipya katika ukuta ule. Amri hiyo ilimkuta mwanawe, Hitesh, akiwa na mpango.

Desturi ya nyumba ile ilikuwa hivi. Baada ya Diwali biashara hufungwa kwa siku chache, kisha hufunguliwa kwa ibada, katika saa njema inayopangwa na Maharaji, mshika ibada wao. Ndani ya saa hiyo lazima ukurasa wa kwanza wa mwaka uandikwe: majina ya miungu, dua ya baraka, na jina la duka. Kwa miaka arobaini Mzee Jayanti aliuandika kwa mkono wake, kwa wino mwekundu. Sasa mikono ilianza kutetemeka, naye aliona aibu mistari inapopinda. Hitesh alimbembeleza mwaka mzima: ukurasa utoke kwenye printa, Mzee abonyeze kitufe kimoja tu, kutoka kwenye laptopu itakayowekwa mbele ya picha za miungu. Pembe ile ya ibada haikuwa na waya, na ukuta haukuruhusiwa kutobolewa. Hapo ndipo nilipoitwa nilete ruta isiyohitaji waya.

Mzee alinikubalia kwa sharti moja, akalitamka mbele ya wote. "Fundi, saa njema ikipita bila ukurasa, mwaka umeanza vibaya. Mimi sitalaumu mtu. Nitarudi kwenye kalamu, na hizi komputa zote nitazishusha zikauzwe, hata Mchikichini kwenye mitumba. Umesikia?"

"Nimesikia, Mzee. Hesabu kazi imekwisha."

Hitesh aliniita pembeni, sauti yake chini. "Kaka, usiniangushe. Baba amenisikiliza jambo moja tu tangu nizaliwe, ni hili."

Nilifunga ruta mpya siku ya mwisho kabla ya sikukuu. Nilichukua waya kutoka kwenye kisanduku kinachogawia kompyuta mtandao, nikauchomeka katika ruta mpya, nikaiweka juu ya kabati. Msicheke, kuiweka juu ni elimu. Baadaye nilimkuta mfanyabiashara mmoja aliyenunua ruta ya namna hiyo, akaifungia ndani ya sefu ya chuma kwa kuogopa wezi, akanipigia simu kwamba nimemuuzia kitu kibovu. Mawimbi hayapiti kwenye chuma. Weka juu, mahali pa wazi, mbali na mabati na matanki ya maji.

Niliweka neno la siri, nikaiunganisha laptopu, nikachapa ukurasa wa majaribio kutoka pembe ya ibada. Ulitoka. Hitesh alipiga makofi. Mama Chai, aliyekuwa akikusanya vikombe, alisimama mbele ya kabati akiitazama ruta mpya.

"Mtani," alisema, "hiki kitoto chako kinaamka upesi. Umekichomeka tu, taa zote macho! Yule mkubwa wa zamani mimi humsubiri mpaka nimefagia chumba kizima. Watagombana hao."

"Taa hazigombani, mtani. Hizo ni ngoma za Uzaramoni."

"Haya. Mimi huwasha yule mkubwa, nasubiri taa yake ya tatu itulie. Ndipo nawasha printa. Halafu ndio kompyuta. Fundi wa zamani alinifundisha hivyo."

"Fundi wa zamani alikutania."

Akacheka, nami nikacheka. Na hapa, vijana, ndipo nilipolitenda kosa. Mtu aliniambia ukweli mtupu, kamili, kwa mpangilio ambao hata kitabu kisingeuboresha, nami niliupokea kama utani kwa sababu aliyeusema alikuwa mtani wangu na alishika sinia. Angeusema mtu mwenye tai, ningetoa daftari.

Siku ya kufungua biashara nilialikwa kama mgeni. Ofisi ilinukia udi na rangi mpya. Mapazia ya maua ya njano mlangoni, nazi, sinia ya ladu, vile vitamutamu vya Kihindi vya mviringo. Maharaji, mzee mfupi mwenye miwani minene, alikuwa amezifunga kompyuta uzi mwekundu na kuzitia kila moja alama nyekundu ya baraka; hata ruta yangu ilipewa alama usoni, ikapendeza. Vyombo vyote vilikuwa vimezimwa tangu siku walipofunga, maana watu wa Kariakoo wakiondoka huzima swichi kuu ya umeme kwa kuogopa moto.

Maharaji alitangaza saa njema: kuanzia saa nne na robo hadi saa nne na dakika hamsini. Mama Chai alinyoosha mkono kwenda kuwasha, kama alivyofanya kila asubuhi. Nilimzuia.

"Leo niachie mimi, mtani."

Nilitaka kuonekana. Vyombo vyote nilikuwa nimeshavibonyeza, vinangoja umeme tu. Nikapandisha swichi kuu kwa mkono mmoja, kama mtu anayefungua pazia la tamthilia. Kila kitu kikawaka pamoja. Wageni wakasema, "Aaah!"

Maharaji akaimba. Mzee Jayanti akaketi chini mbele ya laptopu, akaweka kidole kwenye kitufe, akafumba macho, akabonyeza.

Printa haikutoa hata mlio.

Akabonyeza tena. Kwenye kioo yakatokea maneno kwamba printa haipo. Nikakimbilia kompyuta ya karani: printa haipo, intaneti haipo. Ya pili hivyo hivyo. Zote tano. Kitu kilichokuwa mbele ya macho yangu, chenye uzi mwekundu na alama ya baraka, vyombo vyote vilidai hakipo.

"Kaka?" Hitesh aliniita.

"Dakika moja."

Mnazijua dakika za fundi. Nilichomoa waya, nikarudisha. Nilizima printa, nikawasha. Nilibadilisha waya ambao haukuwa na kosa lolote. Jasho lilidondoka kwenye sakafu iliyosafishwa. Maharaji alitazama saa yake, akaendelea kuimba wimbo uleule kwa mwendo wa polepole, nadhani kwa kunionea huruma.

"Fundi," alisema Mzee Jayanti, bila hasira, "saa nne na nusu." Kisha akamwambia mkwewe, mke wa Hitesh, kitu kwa Kigujarati, na yule akaenda kuleta kalamu na kichupa cha wino. Alikiweka sakafuni karibu na mzee. Hitesh alitazama kichupa kile, akageuza uso dirishani.

Nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza nilipoiona kanga imesimama kando yangu. Mama Chai aliinama, na safari hii hakutania.

"Mwanangu, nisikilize. Umewaamsha wote pamoja. Kitoto chako kimeamka kwanza, kimewaita wenzake wote. Yule mkubwa ameamka amekuta nyumba haina watu. Zima vyote. Mwache mwenye nyumba aamke kwanza."

Kichwa changu kikafunguka. Nitawaeleza nilichokiona, nanyi msikie kwa makini, kwa kuwa kosa hili bado linatendeka kila siku mjini.

Kila chombo katika mtandao kinahitaji anwani, kama nyumba inavyohitaji namba. Ruta hufanya kazi ya mjumbe wa nyumba kumi: anayewasili hupewa namba yake. Mimi nilileta mjumbe wa pili katika nyumba kumi zilezile na sikumnyang'anya daftari la kugawia namba. Siku ya majaribio mjumbe wa zamani alikuwa macho tangu asubuhi, vyombo vyote vilikuwa na namba zake, na hata laptopu aliiwahi yeye. Basi ikaonekana kazi ni njema. Siku ya ibada wote wawili waliamka pamoja. Mpya, mwepesi wa kuamka, akagawa namba za mtaa mwingine kabisa. Printa ikapewa namba ambayo hakuna kompyuta iliyoijua, na njia ya intaneti ikapotea.

Na ule mpangilio wa Mama Chai? Fundi aliyenitangulia hakuiwekea printa namba ya kudumu. Alimfundisha mama awashe ruta kwanza, asubiri itulie, kisha awashe printa kabla ya vyombo vingine vyote, ili kila siku ichukue namba ya kwanza, ileile ambayo kompyuta zote zilifundishwa kuitafuta. Mtandao mzima wa nyumba ile, kwa miaka yote niliyojisifu kuwa naulinda, ulisimama juu ya mkono wa mwanamke yule na ufagio wake.

"Saa ngapi?" niliuliza.

"Saa nne na dakika thelathini na tisa," alijibu Hitesh.

Niliiunganisha laptopu na ruta mpya kwa waya mfupi, nikaingia katika ukurasa wake wa mipangilio, nikatafuta mahali pa kugawa anwani, nikapafunga. Nikahifadhi. Ruta mpya ikabaki na kazi moja tu, ya kurusha mawimbi. Kisha nikauchomoa waya ule, nikazima kila chombo kwa swichi yake, hata laptopu, nikamtazama Mama Chai.

"Washa wewe," nilimwambia.

Hakuharakisha. Aliwasha ruta ya zamani, akasimama mbele yake mikono kiunoni. Taa ya kwanza. Ya pili. Ofisi nzima, na Maharaji mwenyewe, walikuwa wanaitazama taa ya tatu ikipepesa.

"Bado," alisema Mama Chai.

"Na dakika arobaini na nne," alisema Hitesh.

"Bado, baba. Huyu hakimbizwi."

Taa ikatulia. Akawasha printa, akangoja ingurume na kunyamaza. Akawasha ruta mpya, akaitishia kidole kama mtoto mkorofi: "Na wewe, kaa kimya, mkubwa yupo." Kompyuta zikafuata moja moja, laptopu ya mwisho.

Mzee Jayanti hakuwa ameigusa kalamu. Alirudi mbele ya laptopu, akafumba macho, akabonyeza. Kwa muda hapakuwa na kitu. Halafu printa ikavuta karatasi, na ukurasa ukatoka, mwekundu, mistari imenyooka. Maharaji alitazama saa: dakika mbili zilikuwa zimebaki. Hitesh alimkumbatia baba yake, akanikumbatia mimi, akaikumbatia printa. Nazi ikapasuliwa. Mtu akanitia ladu nzima mdomoni.

"Fundi wetu ni moto!" Hitesh aliwaambia wageni. "Mmeona? Dakika mbili!"

Nami, mdomo ukiwa umejaa, sikumkatalia. Nataka mlijue hilo pia. Nilitafuna, nikatabasamu, nikapokea mikono ya wauza vitambaa na wauza vyombo, na wawili kati yao waliniomba nipite madukani kwao. Mama Chai alikuwa ameshaanza kugawa chai.

Ndipo Mzee Jayanti aliponyanyua kalamu. Sikuijua sehemu hii ya desturi yao: chini ya ukurasa huandikwa jina la mtu ambaye mkono wake umeutoa, na kwa miaka arobaini jina hilo lilikuwa lake. Alichovya wino.

"Mwaka huu si langu," alisema. "Taja jina, fundi."

Nilimeza ladu. Jina langu lilikuwa limefika kwenye ncha ya ulimi, kamili, pamoja na la baba yangu. Ukurasa ule ungetundikwa mwaka mzima juu ya meza ambako nusu ya Kariakoo hupita kununua zipu. Nikamwona Mama Chai akimpa Maharaji kikombe, akimwambia apulize kwanza.

"Si mimi, Mzee. Aliyeutoa ni Mama Chai."

Mzee alinitazama juu ya miwani. Sikuona mshangao usoni pake. Alikuwa ameketi sakafuni muda wote, karibu na ile meza, na masikio yake hayakutetemeka kama mikono.

"Mama Chai ni jina la kazi," alisema. "Mimi jina lake nalijua, nilimwandika kazini mwenyewe. Wewe umekunywa chai yake miaka mitatu. Nataka ulitaje wewe."

Nilikwenda mpaka alipokuwa Mama Chai, nikasimama mbele yake kama mwanafunzi aliyesahau shairi.

"Mtani, nisamehe. Unaitwa nani?"

Aliweka birika mezani, akajifuta mikono kwa upindo wa kanga.

"Leo mpagazi ametua mzigo," alisema, na watu wakacheka, nami nikacheka nao. Kisha akaninong'oneza. Nikamgeukia Mzee Jayanti, nikalitamka mbele ya wote, polepole, ili mkono unaotetemeka upate nafasi ya kuliandika lote: Mwanahawa Omari Kibwana.